Doa la Gurudumu la Kushoto

Katika kazi zote za kuosha basi, hakuna iliyomchosha Bi Mng'aro kama magurudumu. Ubavu wa basi unauosha ukiwa umesimama. Vioo unaviosha ukiwa umesimama vilevile, na ukitaka unajitazama kidogo. Gurudumu linataka uchuchumae, uingize mkono nyuma yake mpaka begani, usugue kitu usichokiona. Kazi hiyo aliianza mdogo wake wa kike angali akicheza kombolela. Sasa mdogo wake huyo alikuwa na mume na watoto, na magoti ya Bi Mng'aro yalikuwa yakilia kila alipochuchumaa, yakalia tena alipoinuka, kama bawaba za mlango wa ghala.

Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelitumia pale yadini. Madereva ndio waliompa hilo la Mng'aro, kwa sababu basi likitoka mikononi mwake lilimetameta mpaka ng'ombe wa kando ya barabara waligeuza shingo. Alilipenda jina hilo siku za mwanzo. Siku hizi alilibeba tu, kama mtu anavyobeba koti wakati wa jua kwa kuwa hana pa kuliweka.

Yadi yenyewe ilikuwa na ukuta wa matofali, sakafu ya zege iliyopasukapasuka, bomba la maji lenye kigugumizi, na karakana ya mabati mwisho wa uwanja. Harufu ya dizeli ilikuwa kila mahali. Mgeni angeisikia, mwenyeji alikuwa ameshaisahau. Na palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyejua uliwekwa na nani. Basi likirudi safari, kwanza lilipelekwa kuoshwa, ndipo likapelekwa kwa fundi kukaguliwa. Mwisho alipita msimamizi wa yadi na kitambaa chake cheupe, akifuta hapa na pale kutafuta vumbi, na ndiyo maana nyuma ya mgongo wake walimwita Leso.

Fundi wa breki na magurudumu, mtu wa makamo aliyefunga miwani yake kwa waya, aliupenda utaratibu huo kuliko wote. Nani anapenda kulala chini ya basi linalomdondoshea tope puani?

"Bi Mng'aro," alikuwa akisema, "chini ya mabasi yako mtu anaweza kutandika mkeka akalala na mkewe."

"Lala na spana zako, Fundi Miwani. Mkeo ana akili, hawezi kuja hapa."

Hiyo ilikuwa sifa, naye aliipokea kama sifa.

Sasa, katika mabasi yote ya yadi ile, moja lilikuwa lake kwa namna ya pekee. Lilikuwa la kijani, na dereva wake alikuwa shemeji yake, mume wa yule mdogo wake. Bi Mng'aro ndiye aliyemtafutia kazi pale, akamsemea kwa msimamizi mpaka ulimi ukauma. Madereva wenzake walimwita Kobe. Njia yake iliteremka mlima mrefu wenye kona nyingi mpaka mji wa chini, na Kobe aliuteremka kwa gia ndogo, taratibu, abiria wakimpigia kelele kwamba watafika wakiwa na mvi. Yeye aliwajibu kwamba mwenye mvi amefika.

Doa lilianza kwenye basi hilo, gurudumu la mbele la kushoto, upande wa ndani. Lilikuwa jeusi, lenye kunata, limeshika vumbi likawa kama uji uliogandia chunguni. Sabuni haikuliweza. Bi Mng'aro alidhani ni lami iliyorushwa na barabara, maana huko mlimani walikuwa wakiziba mashimo. Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaingiza mkono mpaka begani, akalitoa. Siku ya pili lilikuwa limerudi. Akalitoa. Likarudi tena. Mtu aliyechoka hana nafasi ya kushangaa. Anakitoa kilicho mbele yake ili kiondoke, aende kwenye kinachofuata.

Kilichomshtua ni rangi. Kando ya matundu ya rimu, rangi ya fedha ilianza kuvimba malengelenge, kisha ikabanduka vipande vidogo alipopitisha kitambaa. Alijua ni nini, au alidhani anajua: ni mafuta yake ya taa. Hakuna aliyemruhusu kuyatumia. Palikuwa na mwoshaji mwenzake, mama mmoja mcheshi, aliyefukuzwa kwa kusugua rimu kwa brashi ya waya. Leso alimtoa getini ndoo ikiwa bado imejaa maji.

Basi Bi Mng'aro akafanya wanavyofanya watu wenye hofu na mikono hodari. Alikwenda kwa jirani yake mwandika mabango, akaomba masalio ya rangi ya fedha katika kopo la maziwa. Kila alasiri, baada ya kulisugua doa, alipaka palipobanduka kwa ncha ya kidole. Fundi alipokuja kuchungulia alikuta gurudumu kavu na safi. Leso alipokuja na kitambaa chake alikuta fedha tupu. Lake yeye lilikuwa uchovu juu ya uchovu, maana kuficha nako ni kazi.

Alikuwa akiishi ua mmoja na mdogo wake, mlango kwa mlango. Jioni moja alimkuta Kobe amekaa kwenye kiti kifupi, suruali imekunjwa, mguu wa kulia ndani ya karai la maji moto. Mdogo wake alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule.

"Shikamoo shemeji," alisema Kobe. Alizoea kumwamkia mkubwa wa mkewe hivyo, nusu heshima nusu utani.

"Marahaba. Mguu umefanyaje? Umepigwa teke na abiria?"

"Afadhali ningepigwa teke. Siku hizi breki sizikanyagi, nazipampu kama mtu anayevuta maji kisimani. Nikikanyaga mara ya kwanza, pedeli inazama kama nimekanyaga mkate. Mara ya pili ndipo inashika. Na ikishika, usukani unanivuta kulia, kama kuna mtu huko anayenidai."

Cherehani ilinyamaza. "Si umwambie fundi?" alisema mkewe.

"Nimemwambia. Fundi ni mtu mzuri. Anafungua kikopo cha mafuta ya breki, anakuta yamepungua, anajaza. Kesho yamepungua, anajaza."

"Yanakwenda wapi? Yanapanda mbinguni?"

"Ndiyo hapo. Amechungulia magurudumu yote. Makavu! Safi! Yanang'aa kama meno ya mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga hana meno, wewe."

"Basi yanang'aa kama ufizi." Kobe alicheka, akamwonyesha mkewe Bi Mng'aro kwa kidole. "Huyu dada yako anaosha mpaka ugonjwa unaona haya kujitokeza."

Mkewe alicheka pia, kisha akaacha. "Ile harufu umemwambia fundi?"

"Harufu gani?" aliuliza Bi Mng'aro. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Jana, kona za chini," alisema Kobe. "Harufu kama nguo inayoungua chini ya pasi. Upande wa kulia. Niliposimama kituoni nikasogeza kiganja karibu na gurudumu, sikuweza kukiacha. La kulia linachemka, la kushoto limepoa kama maiti. Sijui. Labda ni gari kuzeeka. Hata sisi tunazeeka."

Bi Mng'aro alikuwa ameshika kikombe cha chai, akasahau kunywa. Yeye hakuwa fundi. Kuhusu breki alijua kile kinachojulikana na kila mtu, kwamba ukikanyaga, gari husimama. Lakini jambo moja alilijua yeye peke yake katika dunia nzima: gurudumu la kushoto halikuwa kavu. Lilionekana kavu kwa sababu yeye alikuwa amelikausha. Kila siku, kabla fundi hajalitazama, alikuwa ameondoa kitu fulani kutoka mahali hapohapo, akakiosha kikaenda na maji mtaroni.

Alifungua mdomo. Akaona akilini lile kopo la maziwa, akamwona Leso na geti. Umri wake haukuwa wa kuanza kutafuta kazi. Akasema nusu ya neno, na nusu ya neno ni mbaya kuliko kimya.

"Kesho usiende, shemeji."

"Nisiende? Nimwambie msimamizi kwamba shemeji yangu ameota?"

"Basi nenda polepole."

"Mimi?" Kobe alijigusa kifua, macho yamemtoka. "Unaniambia mimi, Kobe, niende polepole? Nikipunguza zaidi ya hapo, shemeji, nitakuwa narudi nyuma."

Wakacheka tena wote wawili, mume na mke, kicheko cha watu waliochoka, kinachoisha upesi. Bi Mng'aro aliaga akaenda kulala, asilale. Hesabu ilikuwa nyepesi na alikuwa akikataa kuifanya: upande mmoja kazi yake, upande wa pili basi zima la watu na baba wa watoto wa mdogo wake, wanateremka mlima kwa gurudumu moja linaloungua na jingine lisilofanya chochote.

Asubuhi alifika yadini mapema kuliko desturi yake. Hata hivyo alimkuta Kobe ameshakaa nyuma ya usukani, injini inanguruma. Fundi Miwani alikuwa kwenye benchi la karakana, anapuliza chai.

"Fundi," alisema Bi Mng'aro, "basi la kijani lisitoke."

"Salamu kwanza, mama. Jua lenyewe halijanisalimia."

"Salamu baadaye. Gurudumu la mbele la kushoto, kwa ndani, lina uchafu mweusi, unanata. Nautoa kila siku. Kila siku unarudi."

Fundi aliteremsha kikombe. "Uchafu gani? Mimi sijaona uchafu."

"Utauonaje? Nauosha kabla hujaja."

Miwani ilimteleza puani, hakuirudisha. "Tangu lini?"

"Tangu walipokuwa wanaziba mashimo kule mlimani. Nilidhani ni lami. Nikatumia mafuta ya taa. Yakala rangi ya rimu. Nikapaka nyingine juu." Alisema haraka, kama mtu anayetapika. "Ndiyo hivyo. Ukitaka kumwambia Leso, mwambie, lakini litazame kwanza."

Fundi alikuwa ameshaanza kutembea, na mtu yule hakuwa na kawaida ya kutembea haraka. Alimpungia Kobe azime injini. Akapiga magoti kwenye gurudumu la kushoto, akaingiza mkono, akakwaruza kwa ukucha. Rangi ya fedha ilitoka kwa urahisi, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akasugua vidole vyake viwili, akavinusa.

"Bi Mng'aro, mafuta ya taa hayabandui rangi namna hii. Ungeosha rimu kwa mafuta ya taa mwaka mzima, rangi ingekuwa palepale. Kinachoila rangi mpaka chuma ni mafuta ya breki."

Bi Mng'aro alisimama pale, ndoo tupu mkononi. Alikuwa amengoja kuambiwa kwamba kosa ni lake, na hilo alikuwa amejiandaa nalo njia nzima. La kuambiwa kwamba si lake hakuwa amejiandaa nalo, wala halikumpa raha.

"Kobe!" fundi aliita. "Kanyaga breki. Usipampu. Kanyaga mara moja ushikilie hapohapo."

Kobe akakanyaga. Kutoka dirishani walimwona akitazama mguu wake mwenyewe.

"Pedeli iko wapi?" aliuliza fundi.

"Ilikuwa katikati," alisema Kobe. "Inashuka. Nimeshikilia tu, nayo inashuka yenyewe. Sasa iko chini kabisa. Imegusa sakafu, fundi."

Nyuma ya tairi, kwenye ukuta wa mpira uliokuwa safi, mstari mwembamba wa maji ya rangi ya asali ulikuwa ukiteremka. Ulifika chini, ukaacha tone kwenye zege. Wakalitazama wote watatu, Kobe akiwa ameinama nje ya dirisha.

Hapo ndipo Leso alipotokea, anakaribia huku anaangalia saa. "Abiria wamejaa kituoni. Kuna nini?"

"Breki inavuja," alisema fundi.

"Inavuja kiasi gani? Jaza, aende, akirudi utatengeneza. Ni safari moja tu, kwenda na kurudi."

Fundi alifungua mdomo, lakini Kobe alimtangulia. Alichomoa ufunguo, akafungua mlango, akashuka. Hakupandisha sauti. Mtu mwenye mguu unaouma hana nguvu za kupandisha sauti.

"Bosi, kwenda nitakwenda. Huko ni kuteremka, hata jiwe linakwenda. Unayemtaka ni wa kusimamisha." Akamnyooshea ufunguo. "Chukua. Uendeshe wewe, mimi nikae kiti cha nyuma niwaombee."

Leso aliutazama ufunguo. Hakuushika. Akaligeukia gurudumu, akaona mabaka ya rangi iliyobanduka, na kwa sababu kelele lazima ielekezwe mahali, akaielekeza kwa aliye karibu.

"Nani amepaka rangi hapa? Nani amekuruhusu kupaka rangi gari la kampuni?"

"Hakuna," alisema Bi Mng'aro. "Nimepaka mwenyewe."

"Ungemfukuza jana ungekuwa na sababu," alisema fundi, tayari ameshika jeki. "Leo ndiye aliyetuonyesha. Nenda kawatafutie abiria basi jingine, uturuhusu tufanye kazi."

Walipolitoa gurudumu na kuifungua ngoma ya breki, ndani mlikuwa na matope meusi, na viatu vya breki, vile vinavyoibana ngoma ili gurudumu lisimame, vimelowa kama sponji. Raba ya silinda ndogo inayovisukuma ilikuwa imechanika, na kila Kobe alipokanyaga, mafuta yaliyopaswa kusukuma breki yalikuwa yakitoka hapo. Kwa hiyo gurudumu la kushoto lilikuwa linazunguka tu, halikushika kitu. La kulia lilikuwa limebeba mlima peke yake, na fundi alipolifungua alikuta chuma chake kimegeuka rangi ya buluu kwa joto, na kiatu kimeliwa mpaka kinakaribia kukwangua.

"Usukani unakuvuta kulia, nikatazama kulia," alisema fundi. Alikuwa amekaa chini, mikono mieusi, anasema na ile ngoma. "Gari huvutwa na upande unaoshika. Mgonjwa ni ule wa pili. Na mafuta yakipungua kila siku, hayajazwi tu, yanatafutwa yanakokwenda. Haya yote nayajua. Nilifundishwa. Ila nimechungulia, nimekuta pasafi, nikaenda kunywa chai."

Kobe aliokota kile kiatu kilicholowa, akakipima uzito mkononi, akakiweka chini taratibu mno, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Leso hakumfukuza mtu. Alifanya jambo ambalo kwake lilikuwa gumu zaidi: alibadilisha utaratibu. Kuanzia siku ile, basi lingepita kwa fundi likiwa na uchafu wake wote, ndipo lioshwe. Ilikuwa amri nzuri, na aliyeilipia ni Bi Mng'aro. Zamani mabasi yakiingia aliyaosha, akaondoka na mwanga. Sasa ilimbidi akae angoje fundi amalize, kisha aanze kazi watu wengine wakiwa wanapika. Mwili uliozoea kuchoka kwa kufanya ulijifunza kuchoka kwa kukaa.

Alasiri ile ya kwanza alikaa juu ya tofali, mpira wa maji miguuni, akimsikiliza Fundi Miwani akilalamika chini ya basi jeupe.

"Tope limeniingia sikioni! Bi Mng'aro, unasikia? Sikioni!"

"Nimekuoshea miaka yote hiyo, hukushukuru. Kula tope sasa."

Kobe alikuja akapiga magoti kando yake. Alikuwa amekwenda nyumbani, amerudi, na miguuni alikuwa amevaa ndala ndogo za kike, visigino vinaning'inia nje.

"Hizo ni za mdogo wangu," alisema Bi Mng'aro.

"Nimemsimulia. Ameficha viatu vyangu sandukuni, ameketi juu yake." Akamgeukia. "Jana ulitaka kuniambia."

"Nilitaka."

"Mm." Alivuta ndala ikamtoka, akairudisha. "Siku nyingine usiniambie nusu, shemeji. Mimi kichwa changu kizito. Niambie yote."

Fundi aliita tena, lakini safari hii bila utani. Waliinuka wakaenda, yeye na magoti yake, Kobe na ndala zake. Fundi alikuwa ameelekeza tochi kwenye gurudumu la nyuma la basi jeupe. Kutoka kwenye nati moja, na jirani yake, mistari myembamba ya kutu ilikuwa imetawanyika kuelekea ukingo wa rimu, kama machozi yaliyokaukia shavuni.

"Unayaona machozi haya?"

"Nayaona," alisema Bi Mng'aro. "Ni kutu tu. Yanatoka kwa brashi laini."

"Nati iliyokaza hailii. Hii imelegea, inacheza, inajisaga, ule unga wa chuma unapata maji unakuwa kutu. Ukiiacha, siku moja gurudumu linampita dereva barabarani." Akaweka spana, akasukuma. Nati ilizunguka kwa urahisi, kama kifuniko cha chupa.

Bi Mng'aro aliitazama ile mistari. Aliijua. Alikuwa ameiona kwenye jeupe, kwenye jekundu, kwenye mabasi yaliyokwisha kuuzwa na ya madereva waliokwisha kustaafu, na kila mara alichukua brashi laini.

"Fundi," alisema, "nati kama hizi nimeziosha ngapi?"

"Hukuwa peke yako. Mimi nilikuwa nakusifu."

Akaikaza nati ya kwanza, akahamia ya pili, akitoa mguno kila spana ilipofika mwisho. Baada ya hiyo zilikuwepo nyingine, na baada ya basi hilo lilikuwepo jingine, limesimama na tope lake lote. Kobe alishika tochi. Bi Mng'aro alirudi nyuma hatua chache, akaukunja mpira wa maji ndani ya ngumi yake ili tone lisirukie pale ambapo fundi hajapatazama, akangoja.